Panya wa Chini ya Kitanda

Jémima alikuwa amebana mkononi pesa ya komisionere, yule dalali wa kumwonyesha chumba mtaani Dilala, maana siku hizi hata kuona mlango ni kwa malipo. Kulia kwake ndani ya taksibisi, mama mmoja alilalamikia jambo hilohilo. "Unalipa kuona nyumba, unalipa garanti ya kuingia, kisha mwenye nyumba anakuuliza uko na batoto ngapi!"

Kushoto kwake tata mmoja, baba mwenye kofia, akacheka. "Pole, mama. Mi niko mu nyumba yangu. Hakuna mutu ananiuliza kitu."

"Na usiku, tata, chini ya kitanda hausikie kitu?"

Tata akavua kofia. "Ni panya."

"Panya ya Kolwezi inachimbaka kobalti na beleshi!"

Gari zima likacheka, dereva naye, maana wote waliwajua wachimbaji wanaotoboa mashimo chini ya nyumba za watu usiku. Tata hakushindwa. "Chini ya kwako pia banachimba, mama. Ila mi nasikiliza bure, we unalipa kila mwezi."

Gari likasimama Dilala, Jémima akashuka wakiwa bado wanabishana. Komisionere alikuwa akingoja na funguo.

"Pesa ya kuona kwanza, dada."

Jémima, aliyekuwa amejipanga kuuliza habari za maji na choo, akafunga kiganja.

"Kwanza niweke sikio chini, komisionere."