Kuku Waliokataa Beseni

Banc yetu iko kwenye kona, hapa Butembo, mbele ya atelier ya Éliakim, fundi wa umeme. Watu wamemwita Ampère mpaka mama yake mwenyewe amesahau jina alilomubatizia. Banc ni mbao mbili juu ya matofali, na upande mumoja umeinama kwa sababu ya matako ya muteja wangu mumoja, Douane. Mimi nauzaga kawa, kahawa ya kikombe, hapo tangu bwana yangu alipokufa, na wateja wananiitaga Koko, yaani bibi, hata wale wenye mvi kunishinda. Kuku sifugi. Wanakunya kwenye sukari. Kwa hiyo asubuhi ile sikuwa na yai hata moja ndani ya ile frigo ya Ampère, na naweza kusimulia bila kupendelea mutu.

Frigo yenyewe ilikufa zamani. Ampère aliitoa moteri, akatoboa matundu, akaweka ampuli na sahani ya maji ndani, akasema sasa ni couveuse, mashine ya kulalia mayai. Quartier muzima wakaleta mayai yao. Yalikuwa yamekaribia kupasuka. Jana yake, mutu akiweka sikio kwenye mulango, alisikia vifaranga wanagonga-gonga maganda. Halafu courant ya umeme ikakatika. Batterie ya Ampère ikasukuma kidogo, nayo ikalala. Kulipokucha mulango ulikuwa baridi kama siku zile frigo ilipokuwa bado frigo.

Mbele ya mulango ule alikaa Jokébed, juu ya bidon tupu ya maji, mugongo kwenye kadena, kufuli ya mulango. Vita ilimutoa upande wa Manguredjipa pamoja na watoto wa binti yake. Mikononi alibeba kuku mumoja katika kikapo, basi. Kuku huyo hayuko tena. Kilichobaki chake ni mayai yaliyokuwa ndani ya frigo, kila moja na musalaba wa makaa. Alikuwa amewaambia wale watoto kwamba yakipasuka, watafuga, na watakula nyama tena nyumbani kwa watu waliowapokea, bila kuomba.

— Fungua, Ampère, akasema.

— Hapana, mama. Nikifungua, joto yote inatoka.

— Joto gani?

— Ile yenye ilibakia.

— Leta mukono hapa unionyeshe.

Ampère hakuleta mukono. Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, na kila mara aliugusa, kama mutu anayepapasa jino bovu.

— Asubuhi niliweka bidon ya maji moto ndani, akasema. Si uliona? Ikifungwa, inachunga. Kila mukifungua-fungua munaua.

— Ile bidon imeshapoa.

— Unajuaje?

— Juu ni mimi njo nimeegemea hapa, wewe umeegemea maneno.

Nikamumiminia kawa. Hakuichukua. Nikampa Douane, huyo hakatai. Jina lake ni Mathe. Alifanyaga kazi na madéclarant, wale wa makaratasi ya ushuru, kule Kasindi, kwenye mupaka na Uganda, mpaka walipomufukuza, na tangu siku ile kila kitu kinachochelewa hapa duniani kimefungiwa Kasindi.

— Courant haina kosa, akasema. Iko Kasindi.

— Courant iko Kasindi, nikasema.

— Transformateur yake, Koko. Iko juu ya camion, camion iko kwenye parking, bache, turubai yake, imefungwa. Banangoja tampon moja tu, muhuri. Niliiona.

— Uliiona lini? Banakukatazaga hata kupita pale.

— Balinitumia foto.

— Ya transformateur?

— Ya bache.

Phinées akacheka. Huyo ni shemasi wa kanisa, tunamwita Amina kwa sababu anaitikia hata maombi yasiyokuwa yake. Naye alikuwa na mayai ndani, mengi kuliko ya wengine wote, ya karamu ya korali.

— Munatafuta mbali, akasema. Hii frigo ilikuwa ya nani?

— Ya marehemu Kahongya, muuzaji wa bière.

— Njo hapo shida iko. Miaka yote ilikuwa inalaza bière. Kazi yake ni baridi. Leo munaipatia mayai, inajikaza-kaza muchana juu ya kuona haya. Mukienda kulala, inarudilia tabia.

— Lakini uliiombea, Ampère akasema. Mbele ya batu bote. Uliweka mukono juu.

— Niliombea mayai. Frigo sikuiombea.

— Mukono ulikuwa juu ya frigo.

— Mukono, ndiyo.

Siku nyingine ningecheka. Lakini Jokébed aliinama, akaweka sikio kwenye mulango, na sisi wote tukamutazama uso. Alikaa hivyo. Camion ya mbao ikapita, akainua kidole tungoje ipite. Halafu akainuka.

— Mumoja tu, akasema. Jana walikuwa wanagonga kama mvua. Sasa iko mumoja tu ananigongea. Fungua.

— Kama iko mumoja, ni kusema joto iko, Ampère akasema.

— Ni kusema bengine bamekufa. Natoa yangu. Yangu iko na musalaba, haitakawia. Ninyi mubakie na joto yenu.

— Ukitoa yako, ya bengine inakufa.

— Na nikiiacha?

— Ngojea courant.

Douane akasimama. Amina naye akasimama, akajifanya ananyoosha miguu. Walisimama katikati ya Jokébed na Ampère, wanaume wawili wenye vikombe vyangu mukononi. Hawakusema kwamba wanamulinda mutu. Jokébed aliwatazama, kisha akashusha mukono, akaokota tofali lililokuwa karibu na banc, akaliweka mapajani, akalipangusa vumbi kwa kona ya kikwembe alichojifunga.

— Hiyo tofali ni ya nini, mama? Amina akauliza.

— Inapumzika.

— Kadena yangu ni mupya, Ampère akasema.

— Tofali ni ya zamani.

Mimi nikasogeza thermos yangu mbali kidogo. Douane aliona jambo limefika pabaya, akataka kulituliza, na Douane akituliza jambo huwa anamwaga petroli.

— Musikasirike. Hata hii ya Kasindi naona haitoshi. Kuna kitu kingine. Bachimba dhahabu ya Manguredjipa banashuka chini sana siku hizi. Bamefika chini ya barabara. Kule chini kuna giza, si ndiyo? Banavuta kable, banakunywa courant yetu kwa chini, tunabaki na nguzo tupu. Mama Jokébed, wewe umetoka kule. Hukuona waya?

— Niliona batu banakimbia.

— Lakini waya?

— Douane, kunywa kawa yako.

Amina hakutaka kushindwa.

— Mimi nitasema jambo, na mutu asichukie. Ndani ya hii frigo kuna mayai ya Bakatoliki na mayai yetu. Tangu lini tulilalia pamoja? Halafu mama ameweka misalaba juu ya yake. Yai yenye kuvaa musalaba inataka kitu yake, yai bila musalaba inataka kitu yake. Ampuli ni moja. Itasikiliza nani?

— Yai haina dini, nikasema.

— Koko, kama haina dini, juu ya nini hazipasuke siku moja?

Hapo ndipo Ampère alipoharibu. Walimusukuma pembeni, kila mutu na nadharia yake, na yeye ndiye mwenye mashine. Ilibidi naye apate ya kwake. Akagusa ufunguo, akasema:

— Ukweli nitausema. Ampuli zangu ni mazuri. Courant ingerudi, batterie ingeshika. Kitu yenye iliharibu ni mushtuko. Kuku yenye kukimbia vita, mayai yake inatoka na woga ndani. Woga ni baridi. Nimeweka mayai ya woga katikati ya mayai ya batu, baridi ikapita kwa ingine, ikapita kwa waya, batterie ikashituka. Niliogopa tangu mwanzo kumwambia mama, lakini leo nasema.

Hata Amina hakuitikia.

Jokébed alinyanyuka pole pole, tofali mukononi.

— Kuku yangu, akasema, haikuogopa kitu. Ililalia ndani ya kikapo njia muzima. Masasi ya bunduki inalia, batu bananikanyaga, nafungua kifuniko naona iko juu ya mayai yake, inanitazama vibaya kwa vile nimeingiza upepo. Tulivuka muto, ikalalia. Tulilala porini, ikalalia. Batu njo baliogopa. Na ni wewe ulisema itiwe maji.

Nieleze. Kwetu kuku akitaka kulalia na wewe unataka atage, unamuchovya tumbo kwenye beseni la maji baridi. Joto la tumbo linakwisha, anasahau vifaranga, anarudi kutaga. Zamani mutu alifanya hivyo kwa kuku mumoja, akabakisha wengine. Lakini Ampère alipomaliza couveuse yake alipita parcelle kwa parcelle, nyumba kwa nyumba, akisema kuku anayelalia ni kuku anayepoteza wakati, kulalia sasa ni kazi ya ampuli, muwachovye wote. Na quartier muzima wakatoa mabeseni. Asubuhi zile ulisikia kelele za kuku toka hapa mpaka kanisani. Wengi walikubali. Wale waliokataa, waliotoka kwenye maji wanatiririka na kurudi moja kwa moja kwenye kiota, Ampère alisema ni kuku wa kichwa nguvu, wawe wa karamu ya kufungua mashine. Tuliwala na obundu, ugali wa muhogo. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, supu ilikuwa nzuri.

— Ilikataa beseni, Jokébed akasema. Kila siku ulikuja kuuliza, kila siku ilikataa. Ukaniambia, mama, toa, utapata batoto ya kuku mpaka utawakosea majina. Nikatoa. Na firigisi ukakula wewe.

— Firigisi ni ya mwenye karamu. Ni desturi. Tulikula wote.

— Mimi nilikula shingo.

— Mama, weka tofali chini.

— Leta funguo.

— Weka chini kwanza.

— Douane, toka hapo, sitaki kukuumiza bure.

Douane akatoka. Nilikuwa namujua Douane. Amina akabaki, lakini alikuwa ameanza kutazama miguu yake itapita wapi.

Ni katika dakika ile ndipo alipofika mama mumoja wa Masereka. Alikuwa na kitunga cha poireaux, vitunguu vya majani, mugongoni, kamba kwenye paji la uso, jasho limemutoka, ameshuka toka milimani kuja kuuza. Hulda, akasema anaitwa. Hakuona tofali, au aliona na hakujali. Aliegemeza kitunga chake kwenye ukuta, akaketi pale Douane alipotoka, akaomba kawa bila sukari.

— Muko na kilio hapa? akaniuliza.

Nikamweleza kwa kifupi: mashine, courant, mayai yamefika mwisho, mumoja bado anagonga. Alisikiliza akipuliza kikombe. Akatazama frigo, akatazama kadena, akamutazama Jokébed na tofali lake.

— Ah, akasema. Hiyo ni kitu kidogo. Kwetu moto ikizimika hivyo, tunapelekaga tu mayai chini ya kuku, anamalizia. Hata asubuhi hii nimeacha kuku moja kwa jiko yangu, inalalia, haitaki mutu apite. Sasa hapa kwenu, kuku yenye kulalia iko kwa nani?

Ampère akamutazama Douane. Douane akamutazama Amina. Amina akafungua kinywa, na nadhani alikuwa anapita parcelle zote kichwani, kwa huyu, kwa yule, kwa mama Kavuo nyuma ya kanisa, kwa dada yake mwenyewe. Akakifunga.

Yule mama akadhani hatukusikia Kiswahili chake vizuri. Akaturudilia swali kwa Kinande, pole pole, kama tunavyowasemesha wagonjwa.



Jokébed akaweka tofali chini, akanyoosha mukono, kiganja juu. Hakusema fungua tena. Ampère alivua kamba shingoni, ikakwama kwenye sikio lake, akaivuta, akampa.

Mulango ulifunguka, na hakuna joto lililotupiga usoni. Jokébed akatoa la kwanza lenye musalaba, akaliweka kwenye kope ya jicho, kama tunavyopimaga joto. Akaliweka chini. Akatoa la pili, kope, chini. Alifanya hivyo bila haraka, na mistari ya mayai ikaongezeka kwenye vumbi mbele ya bidon. Hulda aliacha kawa yake, akaja kupiga magoti kando yake, akapokea. Kisha moja likakaa kwenye jicho la Jokébed muda mrefu. Akalipeleka kwenye sikio. Akafungua blauzi, akaliingiza chini ya titi, akakaza kikwembe juu yake. Baadaye lingine moja, upande wa pili. Mengine yote yalikwenda chini.

Akafunga mulango, akamurudishia Ampère ufunguo wake, akasimama kwa uangalifu, mikono miwili kifuani.

— Na yetu? Ampère akauliza.

— Muyalalie, akasema, akaenda zake.