Kidonge cha Alhamisi

Kijiwe chetu ni mlango. Mlango kweli, wa mbao, uliopelekwa kwa Rula seremala ubanduliwe rangi, mwenyewe akahama mtaa bila kurudi kuuchukua. Rula akaupigia miguu ukawa benchi, akauweka nje ya duka la Waya, fundi redio, na tangu hapo wanaume wa mtaa huu wana pa kusemea. Kitasa hakikung'olewa, kwa hiyo mgeni akikaa bila kuangalia huinuka haraka. Mimi nauza mkaa hapo kando, mgongo nimeegemeza ukutani. Wananiita Bibi Antena, eti hakuna kinachonipita. Wananisingizia. Vingi hunipita, ila vyote hurudi kunisalimia.

Alhamisi hiyo Rula alikuja amekunja uso, muuza kahawa alipommiminia akakataa, akatoa mfukoni pakiti bapa ya vidonge na kuiweka katikati ya benchi kama mtu aliyekamata mwizi. Alikuwa ameikuta chini ya mto wa binti yake, yule wa sekondari. Mkewe alishamweleza wazi: mtoto akiingia mwezini damu humtoka kupita kiasi, na tumbo humkata mpaka anatapika. Juzi alianguka darasani, mwalimu akamrudisha nyumbani amemshika kwapa. Daktari akampima, akasema damu imepungua mwilini, akampa dawa ya kuiongeza, na hivi vidonge vya kupunguza ile inayotoka pamoja na maumivu yake. Kila siku kimoja, asiruke.

Hayo yote Rula aliyaelewa. Kilichomchoma ni muuzaji wa duka la dawa kumwambia kwamba ndivyo hivyo hivyo wanavyomeza wake za watu wanaopanga uzazi. Basi akavipokonya. Na mtoto wakati huo alikuwa nyumbani kwao ng'ambo ya barabara, amejikunja kitandani, dirisha limefungwa kwa pazia.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Presha, mstaafu wa ofisi ya maji, ambaye ukimsalimia anakujibu kwa kukusomea presha yake. Akaishika pakiti kwa ncha za vidole, akasema hicho si kidonge, hicho ni kibali. Msichana akimeza, kesho yuko njiani na vijana.

— Na wewe vile vyako vya asubuhi, nikamuuliza, vimekupa kibali cha kwenda wapi?

— Bibi, mimi ni mgonjwa.

— Na yeye anacheza kitandani?

Akanywa kahawa yake kwa sauti kubwa.

Waya akasema Presha hajui kitu, jambo hili ni la mawimbi. Mwili wa msichana una stesheni yake, kidonge kinaihamisha, na wakati wa kuolewa mume atatafuta stesheni mpaka achoke, asikie mikwaruzo tu. Presha, asikubali kupitwa, akadai damu isiyotoka chini lazima ipande juu, ikajae kichwani. Waya akaidaka hapo hapo: ndiyo maana siku hizi wasichana wanawashinda wavulana hesabu. Kichwa kimejaa damu! Wakatazamana kama watu waliogundua dawa ya kifo.

Rula hakucheka. Nikamsogelea na kigoda changu.

— Baba, huyo daktari alikosea wapi?

— Hakukosea, bibi.

— Mama yake je?

— Naye hakukosea. Ila watu watasema nimemfungulia mtoto njia.

— Watu gani?

Akainua macho, akamtazama Presha, akamtazama Waya, kisha akayarudisha kwenye viatu vyake. Na kweli, watu wenyewe ndio hao, mmoja ana masizi ya redio puani na mwingine kafunga suruali kwa kamba.

Waya akaona mazungumzo yanapoa. Akatangaza kwamba redio hujui ubovu wake mpaka uiwashe, kwa hiyo mtu mmoja ajitolee ameze, tuone. Mimi nikasema yeye mwenyewe hatathubutu. Sikusema kwa ubaya. Muuguzi wa zahanati ni mteja wangu, na alishaniambia kidonge kimoja hakimfanyi mwanamume kitu chochote. Lakini Waya hakuniuliza alichosema muuguzi. Akakibonyeza kile kilichoandikwa Alhamisi, akakiteremsha kwa kahawa ya Presha.

Tukasubiri. Nikamuuliza, kwa upole tu, kama kifua hakijaanza kuwa kizito. Akajipapasa. Nikasema labda masikio yangu ya uzee, ila naona sauti yake imekuwa nyororo. Akakohoa kuijaribu. Presha akashuhudia kuwa imepanda, tena sana. Punde Waya akajishika tumbo chini ya kitovu, akasema linamkata, linamkata kuelekea mgongoni, na kijasho chembamba kikamtoka kweli.

Mngeona huruma ya wanaume. Presha alivua koti akamkunjia mto. Muuza kahawa aliacha birika barabarani akaenda kumtafutia maji ya uvuguvugu. Rula mwenyewe akamlaza kwenye benchi, akamwambia avute pumzi taratibu, asione haya kulia, maumivu ya tumbo si mchezo. Akawa anampepea kwa kofia.

Hapo ndipo binti alipovuka barabara. Alijifunga shuka mbili, mkono mmoja tumboni, midomo imepauka, anatembea kama anayebeba ndoo iliyojaa. Akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

Tukaitikia. Alipoiona pakiti karibu na kiwiko cha Waya akainama akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, kidole chake kikapita juu ya safu mpaka penye tundu.

— Baba, cha leo kimemezwa na nani?

Presha akaanza kutafuta koti lake, na lilikuwa chini ya kichwa cha mtu. Muuza kahawa akakumbuka birika. Waya, aliyekuwa anakata roho, akakaa wima. Rula alibaki na kofia mkononi, akiwa ameacha kupepea.

Mtoto hakungoja jibu. Akatoa kinachofuata, akachukua yale maji ya uvuguvugu ya mgonjwa wetu, akameza mbele ya baba yake. Rula akamtazama mpaka koo lilipotulia. Kisha akavaa kofia, akamshika kwapa kama alivyofanya mwalimu, wakavuka pamoja, pole pole, na pikipiki mbili zikawasubiri.

Waya alingoja mlango wao ufungwe ndipo akaniinamia, akaninong'oneza kwa sauti yake ile ile nzito ya siku zote:

— Bibi, na mimi nimeze cha kesho, au nitapona hivi hivi?