Luciane Shiroma wa Hamamatsu, Aliyemwonea Wivu Mdogo Wake

Marehemu Luciane Shiroma alizaliwa tarehe 3 Mei 1983 mjini Londrina, Brazili, mtoto wa kwanza wa Bw. Osvaldo na Bi. Ivone. Mwaka 1991 wazazi walihamia Japani, nchi ya mababu zao, kutafuta kazi viwandani, wakakaa hapa Hamamatsu.

Shule aliianza bila neno la Kijapani. Wenzake walimwambia arudi kwao, na kwao kwenyewe alishaanza kukusahau. Alipotimiza miaka kumi na minne aliacha masomo, wala hakuna aliyekuja kumuulizia.

Aliingia kiwanda cha vipuri vya magari. Jumapili alichana mistari ya hip hop nje ya stesheni, kwa Kijapani alichookota kiwandani, akiwasemea wale wanaotakiwa mikono tu, si sauti. Mdogo wake, Tabata, alimshikia redio. Siku moja mafua yalimkausha Luciane koo, Tabata akashika nafasi yake. Wapita njia walisimama. Hawakuwahi kusimama vile kwa Luciane.

Tangu hapo wivu ulimkaa rohoni, naye hakuuficha. Tabata alipojaza kumbi za Nagoya, dada mtu alikuwa akizima redio hata kwenye maduka ya watu. Luciane alifunga ndoa na Bw. Edmar Uehara mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye viwanda vilipunguza watu, na waliofukuzwa wakaimba mistari ya Tabata langoni. Luciane, naye kafukuzwa, alisimama kati yao kafumba mdomo. Mumewe akamuuliza kulikoni.

"Wanaimba kweli tupu," alisema. "Kinachoniuma, si mimi niliyeisema."

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Tabata alikuja kumuuguza, akasema jukwaa ataliacha, maana ndilo lililowatenganisha. Luciane alikasirika mno.

"Wee, miaka yote hii nimekuonea wivu, leo unaniambia ni kitu cha kutupa? Nenda kaimbe. Na usimeze maneno, wazee hawakusikii."

Tabata aliimba pale pale kando ya kitanda, dada akimsahihisha mpaka usingizi ukamchukua.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2023. Ameacha mume, binti yao Naomi, mama yake, na Tabata, ambaye Jumamosi atapanda jukwaani kama alivyoagizwa.

Luciane, pumzika kwa amani katika udongo wa Hamamatsu.