Bibi Ema Aliyemtuma Rubani Aliyezimia

Wasikilizaji wapendwa, kamwene, hamjambo. Sogeeni karibu na redio. Mwenye kuni mbichi jikoni azitoe kwanza, zisije zikamliza kabla sijamliza mimi. Na mwenye baba mkwe nyumbani amwite naye asikilize. Akae huko huko nyuma ya mlango, lakini asikilize.

Leo tunamkumbuka Bibi Ema wa Matembwe, kule Lupembe. Wamemzika juzi, pembeni mwa miparachichi yake. Bibi Ema wa Matembwe. Ndiye aliyeishusha ndege. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: mwanamke wa darasa la nne, ambaye hata baiskeli hakuijua, aliishusha ndege pale Lyamkena, Makambako, enzi za Mwingereza. Rubani alikuwa amezimia.

Lakini nisikimbilie ndege. Kwanza mjue mikono yake.

Mikono ya Ema haikutulia. Kanisani, wakati wa mahubiri, ilifumua pindo la kitambaa cha jirani yake. Jikoni ilifunua chungu ambacho hakijachemka. Shuleni kwa misheni ilifungua saa ya mwalimu ili kujua nani anagonga humo ndani. Mama mkwe wake, Kristina, alikuwa akisema, "Huyu angezaliwa na mkia, angeutikisa mpaka usingizini."

Pili, mjue desturi ya nyumba ile. Vijana wa leo mtacheka, chekeni tu. Mke wa kijana na baba mkwe hawakutazamana usoni. Hawakusemeshana. Hawakugusana. Na jina la baba mkwe? Lilipita pembeni ya mdomo kama unavyoupita mzinga wa nyuki. Mwenye neno alitafuta mtu wa katikati. Ema husema, "Mwambieni baba uji umeiva." Na baba, Mzee Kefa, ambaye yuko hapo hapo na pua imeshanusa uji, hujibu, "Mwambieni aulete." Siku ambayo watu wote wamekwenda shamba, Ema humwambia mbuzi. "Mbuzi, mwambie baba mvua inakuja, aanue ngozi yake." Mzee huanua ngozi. Mbuzi huendelea kula.

Basi masika moja mzee akaenda kuangusha mti wa mbao, na mti ukaangukia upande aliokuwa amesimama yeye. Mguu ukavunjika chini ya goti. Ukavimba. Siku zilivyopita ukaanza kunuka. Barabara ya kwenda hospitali Njombe ilikuwa tope tupu, lori la mbao limezama mpaka tumboni. Mume wa Ema, Gideoni, alikuwa Tanga kwenye mkonge. Na siku ya kuondoka alimwachia mkewe neno moja tu: "Ema, nikirudi nimkute baba."

Nikirudi nimkute baba. Lishikeni hilo neno, wasikilizaji wapendwa. Ema alilishika, na lilimkosesha usingizi.

Alitoka asubuhi kwa miguu yake mpaka kwa Mzungu wa shamba la jirani, aliyekuwa na ndege ndogo na uwanja wa nyasi. Watu walimwita Bwana Haraka. Siku hiyo Bwana Haraka alikuwa na homa, meno yanagongana, amekwisha meza kwinini. Alisema hawezi kumpeleka mzee. Ema hakuondoka. Alizunguka baraza. Alishika kiti, akashika kofia ya ukutani, akashika kengele ya meza akaigonga, akaigonga tena, mpaka Mzungu akasema, "Basi! Nitampeleka!" Nadhani alitaka kuiokoa kengele.

Nani amsindikize mzee? Kristina aliitazama ndege, akatazama mawingu. Akasema, "Mimi nilizaliwa chini, nitafia chini. Nenda wewe, Ema."

Ikawa kesi. Mkwe na mkwe katika kijisanduku kile? Kristina akaipanga mwenyewe. Mzee alale nyuma na mguu wake. Ema akae mbele, shuka kichwani, asigeuke. "Na Bwana Haraka yupo," akasema. "Atawasemea."

Wakaruka. Na mikono je? Ikaanza. "Bwana, hiki ni cha nini? Na hiki?" Mbele ya Ema kulikuwa na usukani wa fimbo kama ule wa rubani, na fimbo zote mbili zilikwenda pamoja. Bwana Haraka alimpiga kofi mkononi. "Mama, mikono!" Kisha, kwa kuchoka, akamweleza kwa Kiswahili chake cha shamba. Hii vuta, ndege juu. Hii sukuma, ndege chini. Hii kitasa ya sauti, vuta, injini nyamaza. "Sasa kaa kimya!"

Walipofika Njombe, Njombe haikuwepo. Ukungu ulikuwa umeila yote, na nyumba zake na baridi yake. Wakazunguka. Wakazunguka tena. Rubani akapangusa jasho, akasema, "Makambako. Kule kuna jua." Akageuza. Chini yao barabara nyekundu ilikuwa ikienda huko huko.

Wakati wanaanza kuliona jua, kichwa cha Bwana Haraka kikashuka polepole, kama cha mzee wa kanisa wakati wa tangazo refu. Akaiangukia fimbo. Ndege ikainamisha pua.

Ema alimtikisa. Akamfinya. Hakuna. Nyuma yake kulikuwa na mwanaume mwenye nguvu za mikono, na hawezi kumsemesha. Mnadhani alifanyaje?

"Bwana rubani," akasema, "mwambie baba akuvute kola. Umeilalia fimbo."

Nyuma ikatoka sauti ya mzee: "Bwana rubani, mwambie nimesikia. Nakuvuta."

Mzee alijiinua na mguu wake uliovunjika, akamshika Mzungu kola kwa mikono miwili, akamrudisha kwenye kiti. Ema akavuta fimbo. Ndege ikapanda ghafla.

"Bwana rubani, mwambie asivute sana! Tumbo langu limebaki nyuma."

"Bwana rubani, mwambie baba atazame chini. Barabara bado ipo?"

"Mwambie ipo. Iko mkono wa kushoto. Na mwambie aache kugusa-gusa."

"Mwambie sigusi-gusi, naendesha!"

Hivyo ndivyo walivyokwenda, wasikilizaji wapendwa. Mgonjwa kashika kola, mwanamke kashika fimbo, na mjumbe wao hana habari. Bibi Ema alimwambia mjukuu wake Lucia kwamba katika maisha yake yote hakupata mtu wa katikati mtulivu kama yule. Hata mbuzi alikuwa akitikisa masikio.

Lakini usidhani alikuwa akicheka. Ndege iliyumba. Injini ilikohoa, ikanyamaza kidogo, ikakumbuka kazi yake. Ema aliomba Baba Yetu akaikosea, akaianza upya, akaikosea palepale. Nikirudi nimkute baba. Nikirudi nimkute baba. Neno la Gideoni lilizunguka kichwani kama inzi ndani ya chupa. Hakujua mafuta yatakwisha lini. Alijua tu kwamba yatakwisha.

Ikaja Makambako. Mabati machache yaking'aa penye njia panda. Ema hakuyataka mabati, chini yake kuna watu. Mbele kidogo, upande wa Lyamkena, akaona nyasi zimelala wazi, na ng'ombe.

"Bwana rubani, mwambie baba nateremka. Ajishike."

"Mwambie nitajishikaje nami nimekushika wewe?"

Ema akavuta kitasa cha sauti. Injini ikashuka, kukawa na upepo tu. Akasukuma fimbo kidogo. Nyasi zikaanza kukua. Ng'ombe wakaanza kuwa na pembe. Na hapo ndipo mzee, kwa maumivu, mikono ikamlegea. Rubani akaanguka tena mbele. Pua ya ndege ikaelekea ardhini moja kwa moja.

Hapakuwa na nafasi ya mjumbe. Ema aligeuka. Akamtazama baba mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Kefa!" akapiga kelele. "Kefa, mvute! Usimwachie, Kefa!"

Mzee Kefa alivuta mpaka kola ikapasuka. Ema akaivuta fimbo mpaka tumboni. Magurudumu yakagonga ardhi, ndege ikaruka, ikagonga tena, gurudumu moja likaenda zake kivyake kama limeitwa kwingine. Wakaserereka. Pua ikajichomeka kwenye udongo, mkia ukabaki juu. Ema akazima kila kilichoweza kuzimika. Kwa mara ya kwanza, hakuna aliyeikemea mikono yake.

Mchunga ng'ombe mmoja, Odilo, Mkatoliki wa pale, ndiye aliyefika kwanza. Aliizunguka ndege na fimbo yake. Hakujua aseme nini, basi akasema la kawaida: "Kamwene?"

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Kamwene. Fungua mlango."

Odilo alimtoa Mzungu. Mzee ilibidi atolewe na Ema, kwapani, mikono kwa mikono. Mzee Kefa alifumba macho mpaka alipolazwa kwenye nyasi. Heshima ni heshima.

Walifikishwa hospitali; mguu ulipona, ingawa ulibaki mfupi. Rubani naye alipona. Lakini nyumbani Matembwe hawakupona udadisi. Wazee wa ukoo waliketi. Kristina akauliza mbele yao, "Huko juu mlisemeshana?"

Mzee Kefa akajibu akitazama paa. "Hakunisemesha. Alikuwa akisema na rubani."

"Rubani si alizimia?"

Wakaitwa mashahidi, naye Bwana Haraka akaja mwenyewe, bado amekonda. Akasema ya kwamba katika homa ile alisumbuliwa na ndoto mbaya: mwanamke mmoja na mwanaume mmoja walikuwa wakimtuma-tuma bila kumpa nafasi ya kupumua. Mwambie hiki, mwambie kile.

Wazee wakasema, basi mjumbe alikuwepo. Shahidi ni Mzungu, na kesi imeisha. Kuhusu jina lake kutajwa, Mzee Kefa hakufungua mdomo. Ema naye alitazama chini, vidole vikifumua pindo la shuka.

Gideoni akarudi kutoka mkonge. Akamkuta baba.

Miaka ikapita. Kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, Mzee Kefa aliugua, safari hii ya kutorudi. Ema alikuwa nje ya mlango wake, kama kawaida, na bakuli la uji. Ndani walikuwa watoto na Kristina. Mzee akageukia ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambieni yule rubani, amwambie Ema aniite. Kama alivyoniita siku ile."

Kristina akauliza, "Rubani gani? Alikuitaje?" Akaambiwa anyamaze.

Lucia anasema bibi yake aliweka bakuli chini. Mikono ikatulia. Ikatulia kabisa, mpaka Kristina akaogopa. Kisha kutoka nyuma ya mlango, taratibu, akasema:

"Kefa."

"Naam," mzee akaitika. Hakusema tena.

Wasikilizaji wapendwa, tunaipa pole familia yote ya Bibi Ema pale Matembwe, Lucia na wenzake, na watoto wote wa marehemu Gideoni. Pole pia Lyamkena, ambako hadi leo ng'ombe wakikimbia hovyo watu husema wamemwona Ema. Mungu amlaze mahali pema, na mikono yake ipewe kitu cha kushika.

Nanyi mlio hai, fikirini. Kuna mtu humo nyumbani mwako mnaishi naye, mnakula naye, na mnasemeshana kwa kupitia mbuzi. Ana neno anangoja kulisikia. Usingoje mpaka pua ya ndege ielekee chini.

Na kama unaona haya kumwambia usoni, basi mwambie rubani.