Papa Mardochée Asukulu, Mtunzi Aliyekubali Kuchekwa

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika Radio Sauti ya Mwambao hapa Kalemie, Papa Mardochée Asukulu anaondoka kwenye kiti cha mtunzi wetu wa michezo na hadithi. Kiti chenyewe kinabaki. Mguu wake mmoja umefungwa waya tangu zamani, na hakuna mkurugenzi aliyefaulu kumshawishi apokee kingine.

Papa Mardochée ni mtu wa kaskazini ya ziwa, mtoto wa Wabembe waliokuwa wakishuka Kalemie na boti kuuza samaki, ndakala na mikebuka. Baba yake alitaka awe mfanyabiashara. Haikuwezekana. Mteja akianza kubishana bei, kijana alimwiga sauti na mikono mpaka soko zima likacheka, na mteja akaenda kununua kwa jirani. Mwishowe baba yake mwenyewe ndiye aliyemleta kwenye redio, akisema huku labda ulimi huo utapata kazi.

Alianza kwa kusoma matangazo. Boti ya Moba aliitangaza kwa utamu mwingi, na Mama Annie, mkurugenzi wetu wa kwanza, alikuwa akiapa kwamba amekutana bandarini na abiria ambao asubuhi ile hawakuwa na safari yoyote. Ni Mama Annie aliyempa ruhusa ya kuunda kikundi cha maigizo na kucheza Jumapili, baada ya misa, katika sale, ukumbi wa parokia.

Mchezo uliompa jina uliitwa *Mukubwa Hajashiba*. Ulimhusu mkubwa mmoja wa bandari ambaye haruhusu boti yoyote kupakua mpaka ameonja samaki, ili ahakikishe kwamba kweli ni samaki. Watu walijaa hadi madirishani. Walicheka kwa sababu kila mmoja alidhani anamjua mkubwa huyo.

Jumatatu iliyofuata, mkubwa mmoja alifika redioni na askari wake, akataka mtu yule aondolewe kwenye mchezo. Papa Mardochée alimpa kiti, akamuuliza kwa adabu ni mtu yupi, maana katika mchezo wamo wengi.

“Yule wa tumbo kubwa,” mgeni akasema. “Mwenye kula samaki za wenyewe.”

“Sasa Papa, weye njo yule?” Papa Mardochée akamuuliza.

Mgeni aliinuka. Aliondoka bila kuaga, nasi tuliokuwa nyuma ya kioo cha studio tulifurahi mno. Furaha haikudumu. Kabla ya mwezi kuisha ilikuja amri kwamba hakuna mchezo utakaochezwa mjini kabla maandishi yake hayajasomwa na kukubaliwa na biro. Papa Mardochée alipeleka michezo yake yote. Haikukataliwa na haikukubaliwa. Ilikaa tu huko. Sale ilifungwa, waigizaji wakatawanyika. Toussaint, aliyecheza mkubwa, alienda kutafuta maisha Lubumbashi. Syntiche, sauti yetu bora ya kike, alirudia kuuza vitambaa. Papa Mardochée alirudi kwenye matangazo, na miezi ile hata tangazo la ndoa kinywani mwake lilisikika kama la msiba.

Kilichomwinua ni foleni. Siku moja alikwenda biro kuandikisha mjukuu wake, na mbele yake alisimama mwanamume wa makamo kutoka Kirungu aliyetafuta cheti cha kuzaliwa. Mwenye kuandika alimweleza kwamba bila karatasi za wazazi hawezi kuthibitisha kama amezaliwa. Papa Mardochée alirudi studio akitembea haraka, akaomba karatasi, na kuanzia hapo hatukumwona akila mchana.

Ndivyo ilivyozaliwa riwaya ya *Muntu Asiyezaliwa*. Shujaa wake, Cyrille, mkulima wa maharagwe, anashuka kutoka milima ya Marungu kutafuta cheti. Moba wanamtuma Kalemie, Kalemie wanamtuma Nyunzu kwa treni, na kila mahali anakutana na watu wanaomhurumia sana na hawamsaidii hata kidogo. Nyunzu anampata bibi kizee aliyemzalisha mama yake, ambaye yuko tayari kuapa kwamba alimpokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye biro anamsikiliza bibi mpaka mwisho, kisha anamuuliza na yeye cheti chake kiko wapi.

Mama Annie alisoma ile amri kwa makini, akaamua kwamba inakataza kucheza na wala haikatazi kusoma. Kwa hiyo Papa Mardochée alisoma, sura moja kila Alhamisi jioni, akibadilisha sauti za watu wote peke yake. Mimi nilikuwa kwenye mashine, na mara nyingi nilisimamisha kurekodi kwa sababu msomaji mwenyewe alikuwa anacheka. Kaseti zilipanda boti kwenda Moba na treni kwenda Nyunzu. Mama mmoja wa Moba alitutumia gunia la maharagwe, tumpe Cyrille.

Lakini wafanyakazi wenzake tukiulizwa ni lini hasa tulimheshimu, hatutaji siku hizo. Tunataja mwaka aliofiwa na mkewe, Mama Aimée, baada ya ugonjwa mrefu. Aliyemwogesha na kumlisha Mama Aimée wakati wote ule alikuwa Mamie, mwanamke aliyefanya kazi za nyumba kwao. Msiba ulipopita, Papa Mardochée alimwoa Mamie. Mji ulipata la kusema. Watu aliowacheka kwa miaka mingi walipata zamu yao. Kanisani kwaya ilimwomba apumzike kidogo. Sokoni Mama Mamie aliitwa mfanyakazi aliyerithi sufuria na mwenye sufuria, naye alirudi nyumbani bila mboga.

Sisi marafiki tulimshauri Papa anyamaze, watu watachoka. Yeye aliona kwamba mtu aliyewacheka wengine hadharani hana haki ya kujificha ikifika siku yake. Alitaka kuandika sura ya Alhamisi juu ya mtunzi mzee anayeoa. Aliogopa jambo moja tu, kumuumiza mke wake mara ya pili, basi akamwomba ruhusa. Jibu la Mama Mamie alitusimulia yeye mwenyewe, na aliliweka neno kwa neno katika ile sura:

“Ukiandika juu yetu, andika ukweli yote. Andika kama mimi nilimupenda Mama Aimée mbele ya kukupenda weye. Usinifanye mujinga, na usinifanye malaika.”

Alhamisi ile alisoma. Mzee wa kwenye hadithi alikuwa kichekesho kikubwa kuliko wakubwa wote aliopata kuwatunga: anapaka nywele rangi nyeusi, inamchuruzika shingoni mbele ya pasta. Tulicheka. Halafu alifika kwenye maneno ya mke, na hapo hakubadilisha sauti. Aliyasoma kwa sauti yake ya kawaida, taratibu, nami kwenye mashine sikuona vizuri vitufe.

Jumapili iliyofuata, mwanamke aliyeongoza maneno ya sokoni alisogea kwenye benchi la kanisani, akampisha Mama Mamie akae. Hakuna aliyeomba radhi kwa mdomo. Kwaya ilimrudisha Papa Mardochée kabla ya Pasaka, ingawa wenye masikio wanasema kuimba kwake kulistahili adhabu ndefu zaidi.

Miaka iliyofuata alimrudisha Syntiche redioni na kumfundisha kuandika. Sale ya parokia ilifunguliwa tena chini ya wakubwa wengine. Macho yake yamepungua, kwa hiyo siku hizi yeye anatamka na Syntiche anaandika, na wanagombana juu ya kila nukta.

Sasa anapanda boti kurudi kaskazini, kwenye shamba la baba yake, pamoja na Mama Mamie. Anasema atalima. Sisi hatuamini.

Papa Mardochée, asante kwa kutucheka, na asante zaidi kwa siku uliyotuachia tukucheke. Mama Mamie, asante kwa kutukopesha mume wako. Ziwa liwe tulivu kwenu, shamba liitikie, na majirani zenu wapya wajihadhari. Sisi huku tunawapenda.

Évariste Kalunga, fundi wa sauti, kwa niaba ya wafanyakazi wote