Hatuna Ng'ombe, Tuna Nyuki

Haya, mama zangu na baba zangu, Bwana asifiwe. Msiogope, huu mzinga niliokuja nao hauna nyuki.

Mnaonijua mnajua maisha yangu: wiki nzima nawaosha na kuwalisha wazee hapa Gaithersburg, siku ya ofu nachonga mizinga. Nachukua gogo la mwerezi, nalipasua, natoa utumbo wake kama walivyofanya baba zangu msituni kule Kenya. Ila ndani nachora kwa chuma cha moto nyumba zetu zilizochomwa serikali ilipotufukuza msituni humo. Ukifungua unatafuta asali, unakutana na hizo. Ndugu zangu, mimi kunyamaza siwezi.

Sasa, jumba moja la maonyesho mjini Washington likanikaribisha. Nililia kwa furaha. Siku ya kupanga mizinga nakuta kikaratasi ukutani: msanii wa Kimaasai. Na shuka nyekundu imekunjwa vizuri, eti nivae. Nikawaambia mimi si Mmaasai, mimi ni Mwogiek. Wakanijibu kwa upole kwamba wageni hawalijui jina hilo. Kwa upole, nawaambia! Nikabeba mizinga yangu mpaka kwa gari.

Nilijua nimefanya sawa, lakini nilianguka. Miezi ikapita sijashika patasi. Binti yangu alinisihi kwa Kiingereza chake, nikamgeuzia mgongo. Niliona watu wangu wamefukuzwa mara ya pili, na uchungu ule ulinilaza kitandani.

Ndipo akina mama wa ushirika huu wakaja na chapati na chai ya tangawizi. Mmoja, tena anayenipenda sana, akaingia akipaza sauti, "Tumekuja kumwona Mdorobo wetu!"

Yesu wangu! Nikaketi wima. "Mama, unajua maana ya Dorobo?"

"Si ndiyo kabila lenu?"

"Ni jina tulilobandikwa na Wamaasai. Maana yake maskini, mtu asiye na ng'ombe. Sisi tuna nyuki. Wewe je, hapa Maryland una ng'ombe wangapi?"

Akawatazama wenzake. "Woi! Hata kuku sina. Kumbe Mdorobo ni mimi!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akanishika mkono. "Pole, dada. Sasa nyinyi hujiitaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, akakosea, nikamrekebisha, akarudia mpaka likamkaa mdomoni. Kesho yake nikashika patasi.

Baadaye mkanipa ukumbi huu wa kanisa nionyeshe kazi yangu. Yule mama alisimama mlangoni akiwaambia wageni "Waogiek" hata kabla hawajauliza choo kiko wapi.

Asanteni, Mungu awabariki. Nami nawaambia: mtu akikuita jina lisilo lako, mrekebishe, hata kama amekuletea chapati. Na usipolijua la mwenzako, kuuliza si ujinga.

Jumamosi narudi mjini Washington na mizinga yangu kusimama barabarani, kudai turudishiwe msitu wetu. Mizinga ni mingi, nami nina mgongo mmoja. Nani atabeba?