Fundi wa Funguo Aliyebisha Hodi Kwake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mchonga funguo wa nyuma ya stendi. Mlimwita Mzee Tupa, kwa sababu ya ile tupa ya kusugulia meno ya funguo, isiyobanduka mfukoni mwake. Amezikwa jana. Nusu ya mji huu aliuchongea funguo, ila kwake aliingia kwa kubisha hodi.

Ilikuwa hivi. Alioa mjane mwenye binti mmoja, akahamia kwenye nyumba aliyoiacha marehemu. Mke alimpa ufunguo akachonge wake. Binti, msichana wa shule, akamkazia macho.

"Hii ni nyumba ya baba yangu. Wewe mgeni."

Mzee Tupa akaurudisha ufunguo mezani, akamwambia binti, "Sawa, mama. Basi nitakuwa nabisha."

Na kweli akabisha. Kila jioni, mikono inanuka chuma, aligonga mlango wa nyumba aliyokuwa akiilisha. Mama yuko jikoni, kwa hiyo binti ndiye aliyefungua. Kwanza kwa kununa. Baadaye kwa shikamoo. Halafu akaanza kumpokea mkoba.

Siku moja mama hayupo, binti alirudi akamkuta nje, mvua imemlowesha chapachapa, mkoba wa vifaa begani.

"Si ungefungua tu, Fundi? Kitasa si unakijua?"

"Mwenye nyumba hakuwepo."

"Nilijisikia vibaya mno," binti ametuambia. Kesho yake alienda kwa hasimu wa Mzee Tupa, mchonga funguo wa ng'ambo ya barabara, akamchongeshea ufunguo. Mzee Tupa akaugeuzageuza mwangani, akacheka. "Huyu bwana kaharibu chuma bure. Asante, mwanangu."

Akautia kwenye pete ya funguo zake. Jioni ile akabisha hodi, kama kawaida.

Mkewe akamuuliza, "Ufunguo unao, wabisha nini tena?"

"Nikijifungulia, nitakuwa nimeingia tu. Nikibisha, mwanangu anakuja."

Jana, baada ya maziko, binti aliujaribu ufunguo ule mlangoni. Haukuzunguka. Meno yalikosewa tangu siku ya kwanza, na mwenye tupa hakuyagusa. Aliuacha vilevile alivyopewa.

Kwa mjane na kwa binti yake, poleni sana. Mungu awape subira.

Nawe unayetusikiliza, jioni ya leo mtu wako akibisha, usimjibu ukiwa umekaa kwamba mlango uko wazi. Inuka ukamfungulie.